Sira ya Frederick Douglass na Maana ya Uraia

Katika elimu zinazomfaa mtu mwenye akili ni kuzijua khabari za watu waliotangulia, wawe wa kwao au wa mbali, apate kuona waliikuta dhulma ya namna gani na waliipiga vita kwa silaha gani. Katika kurasa hizi tumependa kuwaelezea wasomaji wetu sira ya Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa mwaka 1818, na akafa mwaka 1895 naye amekwisha kuwa balozi wa nchi yake na mtu mashuhuri katika ulimwengu. Hatukumchagua kwa ajili ya umashuhuri wake tu. Tumemchagua kwa kuwa umri wake wote uliingia ndani ya suali moja: Je, raia ni nani? Ni yule anayependezwa na wenye nguvu, au ni yule aliyezaliwa katika nchi, akaitumikia, na akafungwa na sheria zake? Suali hili Wamarekani waligombana kwalo kwa maneno, kisha mahkamani, kisha kwa bunduki, na hata leo halijakwisha midomoni mwao.

KUZALIWA KWAKE

Alizaliwa mwezi wa Februari 1818 katika wilaya ya Talbot, jimbo la Maryland, akaitwa Frederick Augustus Washington Bailey. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa, na hata mwaka wenyewe hakuujua kwa yakini. Umejulikana baadaye kwa daftari la bwana wake, ambamo watoto wa watumwa waliorodheshwa kama mali. Mamake, Harriet Bailey, alikuwa mtumwa. Babake alikuwa mzungu, na ilisemekana kuwa ndiye bwana mwenyewe. Sheria ya huko ilikuwa mtoto hufuata hali ya mamake. Kwa hivyo mtu aliweza kumzaa mwana, kisha akamtumikisha au akamuuza kama mnyama, na sheria isimguse.

Mamake alipelekwa kufanya kazi katika shamba lililokuwa mbali, kiasi cha maili 12. Mara chache alikuja usiku kwa miguu amwone mwanawe, akarudi kabla ya mapambazuko asije akapigwa kwa kuchelewa. Alikufa mtoto naye ana umri wa miaka saba hivi. Aliyemlea ni bibi yake, Betsy Bailey.

KUSOMA KWAKE

Mwaka 1826 alipelekwa mji wa Baltimore kumtumikia Hugh Auld na mkewe Sophia. Bibi huyu alikuwa hajazoea kumiliki watu, akaanza kumfundisha mtoto herufi. Mumewe alipojua alimkataza kwa ukali, akamweleza kuwa mtumwa akijua kusoma hatofaa tena kuwa mtumwa. Mtoto aliyasikia maneno yale, nayo yakamfaa kuliko somo lenyewe. Kwani alifahamu siku ile kuwa lile analozuiwa ndilo ufunguo wa kifungo chake. Tangu hapo akawa akitoka hutia mkate mfukoni, akiwapa watoto wa kizungu masikini wa njiani, nao wakimlipa kwa kumfundisha maneno. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi alinunua kwa senti 50 kitabu cha hotuba kilichosomwa skulini, akakirudia mara kwa mara mpaka akajua namna ya kupanga hoja na kuijibu hoja.

Mwaka 1834 alikodishwa kwa mkulima mmoja, Edward Covey, aliyesifika kwa kuwavunja watumwa wakaidi. Kwa miezi sita alipigwa na kufanyishwa kazi mpaka akakaribia kusahau kuwa yeye ni mtu. Kisha siku moja ya mwezi wa Agosti, naye ana miaka 16, alikataa. Walishikana kwa muda wa saa mbili karibu, na Covey hakumweza, wala hakuthubutu kumgusa tena. Yeye mwenyewe aliihesabu siku ile kuwa ndiyo siku aliyoacha kuwa mtumwa ndani ya moyo wake, ijapokuwa alibaki mikononi mwa mabwana kwa miaka minne mingine.

KUTOROKA KWAKE

Alirudishwa Baltimore akajifunza kazi ya kutia kalafati katika marikebu. Mshahara aliupata yeye, na Jumamosi akaukabidhi kwa bwana. Tarehe 3 Septemba 1838 alivaa mavazi ya baharia, akapanda gari la moshi kuelekea kaskazini. Wakati ule mtu mweusi aliye huru hakuweza kusafiri bila ya cheti cha kuonyesha kuwa yu huru. Mzungu hakuulizwa kitu. Douglass hakuwa na cheti, akaazima karatasi za baharia mmoja mweusi, na sifa za mwili zilizoandikwa mle hazikufanana naye. Mkata tiketi aliitazama karatasi kwa juu juu akapita. Kwa muda usiotimia siku moja alikuwa New York. Bibi Anna Murray, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, na ambaye alimsaidia kwa fedha zake, alimfuata huko wakaoana, kisha wakahamia New Bedford katika jimbo la Massachusetts. Huko ndiko alikobadili jina akaitwa Douglass, ili wasimpate wanaomtafuta.

Mwaka 1841 alisimama katika mkutano wa wapinzani wa utumwa huko Nantucket akaeleza aliyoyapitia. Waliomsikia walistaajabu, wakamwajiri awe msemaji wa chama chao. Alisema vizuri mno hata baadhi ya watu wakashuku kuwa mtu kama huyu hakuwa mtumwa kabisa. Ndipo mwaka 1845 alipoandika kitabu cha maisha yake, akataja majina ya mabwana na mahali pao. Kwa kujitaja hivyo alijitia hatarini kukamatwa, ikamlazimu akimbilie Ireland na Uingereza. Huko rafiki zake walichanga kiasi cha paundi 150 wakamnunua kwa bwana wake mwaka 1846. Wako waliomlaumu kwa kukubali kununuliwa, wakisema kuwa ni kumkiri mwizi kuwa ni mwenye mali. Lakini yeye alitaka kurudi kwao, na bila ya hati ile angaliweza kutiwa minyororo siku yoyote.

RAI YAKE JUU YA KATIBA

Hapa ndipo penye kiini cha khabari yetu, basi na tupaeleze kwa urefu kidogo.

Katiba ya Marekani iliandikwa Philadelphia mwaka 1787. Neno mtumwa halimo katika maandishi yale ya kwanza, lakini utumwa wenyewe ulikuwamo. Kulikuwa na kifungu kilichohesabu watu watano wasio huru kuwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Congress. Kwa hivyo mabwana waliongezewa nguvu kwa vichwa vya watu wasiokuwa na kura. Kulikuwa na kifungu kilichozuia Congress isipige marufuku kuingizwa watumwa kabla ya mwaka 1808. Na kulikuwa na kifungu kilichoamrisha kuwa aliyetoroka utumishi katika jimbo moja akaingia jimbo jingine arudishwe kwa anayemdai.

Kwa ajili ya vifungu hivyo, William Lloyd Garrison, mzungu aliyekuwa kiongozi wa wapinzani wa utumwa, alishika rai kuwa katiba ile ni mapatano ya kulinda dhulma, na kuwa mtu mwema haimpasi kupiga kura wala kushika kazi chini yake. Tarehe 4 Julai 1854, siku ya sikukuu ya taifa, aliichoma moto nakala yake mbele ya watu.

Douglass alikuwa mwanafunzi wa Garrison na alimpenda kama baba. Miaka kumi aliishika rai ya mwalimu wake na kuihubiri. Lakini mwishoni mwa mwaka 1847 alianzisha gazeti lake mwenyewe mjini Rochester, na mwenye gazeti hana budi kuzijibu hoja za wapinzani wake. Katika kujibu alijiona anasema mambo aliyoyapokea bila ya kuyapima. Akarudi kwenye katiba yenyewe akaisoma kifungu kwa kifungu, akasoma vitabu vya sheria vinavyofundisha namna ya kufasiri maandishi, akajadiliana na watu wa rai nyingine, khasa Gerrit Smith. Mwaka 1851 akatangaza wazi kuwa amebadili rai. Mwalimu wake alikasirika, urafiki ukavunjika, na maneno machungu yakaandikwa pande zote mbili. Haya ni makubwa. Kwani kuiacha rai ya adui ni jambo jepesi, lakini kuiacha rai ya mtu aliyekutoa gizani, kwa sababu dalili imekuonyesha vingine, ni jambo linalotaka moyo.

Hoja zake kwa ufupi zilikuwa hizi. Kwanza, sheria hufasiriwa kwa maneno yake yaliyosomwa na kukubaliwa na watu, wala si kwa siri zilizokuwa vifuani mwa walioyaandika. Pili, utangulizi wa katiba unataja watu wa Marekani bila ya kutaja rangi, na unaeleza kuwa makusudio yake ni uadilifu, amani, manufaa ya wote na uhuru; aliyeingiza neno weupe mahali pasipokuwa nalo ndiye aliyeiharibu. Tatu, jambo kubwa kama kumnyima mtu uhuru wake haliwezi kuthibitika kwa ishara na maneno ya kuzungukazunguka. Hutaka matini yaliyo wazi, na matini hayo hayakuwapo. Nne, katiba hiyohiyo inakataza mtu asinyimwe uhai wala uhuru wala mali pasipo na hukumu ya sheria.

Ni insafu tuseme kuwa wanavyuoni wengi wa tarikh wanaona Garrison alikuwa karibu zaidi na yale waliyoyakusudia wengi wa walioiandika katiba. Walijua fika kuwa wanaupatia utumwa mahali pa kukaa. Lakini Douglass hakuwa akitafuta kuwasifu. Aliona kuwa ukimwachia dhalimu kitabu cha sheria aseme ni chake, umempa nusu ya ushindi. Basi akaikamata katiba, akaigeuza kuwa hoja juu ya wenyewe: Ama yatekelezeni haya mliyoyaandika, ama mkiri mbele ya ulimwengu kuwa mliandika uwongo. Katika hotuba yake maarufu ya tarehe 5 Julai 1852 mjini Rochester, alifanya yote mawili. Aliwaeleza kwa ukali kuwa sikukuu yao ya uhuru ni dhihaka kwa mtumwa, kisha akamalizia kwa kusema kuwa katiba yao, ikisomwa sawasawa, ni hati ya uhuru.

HUKUMU YA MWAKA 1857

Mwezi wa Machi 1857 mahkama kubwa ya Marekani iliamua kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa kuwa alikwisha kukaa na bwana wake katika nchi zisizokubali utumwa. Majaji saba walimkatalia, wawili wakapinga. Jaji mkuu, Roger Taney, aliandika kuwa watu wa asili ya Afrika, wawe watumwa au huru, si raia wa Marekani wala hawakukusudiwa na katiba, kwa hivyo hawana hata haki ya kufungua kesi katika mahkama za serikali kuu. Watazame wasomaji wetu: hukumu ile haikuwagusa watumwa tu. Mtu aliyezaliwa huru, babake huru, analipa kodi, na babu yake alipigania uhuru wa nchi ile, naye aliambiwa kuwa ni mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Wengi walikata tamaa, na baadhi wakashauri watu weusi wahame. Douglass aliona kinyume cha hayo. Alisema kuwa hukumu ya uwongo mkubwa namna ile itaamsha waliolala, na haikupita miaka minne ila vita vikaanza.

VITA NA MAREKEBISHO YA KATIBA

Vita baina ya majimbo ya kaskazini na ya kusini vilianza 1861. Tangu mwanzo Douglass alishauri mambo mawili: watumwa waachiwe huru, na watu weusi wapewe silaha. Rais Abraham Lincoln alichelewa kwayo yote mawili, mpaka tarehe 1 Januari 1863 alipotangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Hapo Douglass alizunguka kuandikisha askari, na wa mwanzo kuandikwa ni wanawe mwenyewe, Lewis na Charles. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyevaa sare ya nchi na kuimwagia damu hataweza kunyimwa uraia wake.

Lakini serikali iliwapa askari weusi dola 10 kwa mwezi, ikakata dola 3 kwa mavazi, hali ya kuwa mzungu akipata dola 13. Mwezi wa Agosti 1863 Douglass alikwenda Washington akamlalamikia Lincoln uso kwa uso. Hakupata yote aliyoyataka siku ile, ila aliondoka akijua kuwa amesikilizwa kama mtu na mwenziwe. Mwaka uliofuata Congress ilisawazisha mishahara. Mpaka vita vilipokwisha, watu weusi 180,000 hivi walikuwa wamehudumu katika jeshi la nchi kavu.

Kisha yakafuata marekebisho matatu ya katiba. La 13, mwaka 1865, liliondoa utumwa. La 14, mwaka 1868, ndilo lililojibu suali letu: kila aliyezaliwa Marekani au aliyepewa uraia, akawa chini ya mamlaka yake, ni raia wa nchi na wa jimbo anamokaa, na hapana jimbo linaloruhusiwa kumnyima mtu yeyote hifadhi ya sheria iliyo sawa kwa wote. Yaani uraia uliondolewa mikononi mwa majaji na mabwana, ukafungwa kwenye kuzaliwa. La 15, mwaka 1870, lilikataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake au utumwa wake wa zamani.

HAKI YA WENGINE

Wako watu wanaolilia haki mpaka wakaipata wao, kisha wakafunga mlango. Douglass alijitahidi asiwe miongoni mwao. Mwaka 1848 alihudhuria mkutano wa Seneca Falls, na ombi la wanawake kupewa kura lilipokaribia kuangushwa, aliinuka akalitetea mpaka likapita. Mwaka 1869, wakati Wachina waliohamia Marekani walipokuwa wakichukiwa na kuzuiwa kuwa raia, alihutubu Boston kuwatetea, akisema kuwa haki ya mwanadamu kuhama na kukaa si ya rangi moja.

Hata hivyo hakuwa malaika. Mwaka huohuo wa 1869 alihitilafiana na Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony. Wao walikataa kuliunga mkono rekebisho la 15 kwa kuwa liliwaacha wanawake. Yeye akashikilia kuwa mtu mweusi anauawa kwa ajili ya rangi yake na haja yake ya kura ni ya haraka zaidi. Chama chao kikavunjika. Baadaye walipatana, lakini wanawake wa Marekani walingoja kura yao katika katiba hadi mwaka 1920.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Alishika kazi kubwa za serikali: mkuu wa utekelezaji wa amri za mahkama mjini Washington mwaka 1877, msajili wa hati za ardhi mwaka 1881, na balozi wa Marekani nchini Haiti kutoka 1889 mpaka 1891. Lakini alipokuwa akipanda yeye, watu wake walikuwa wakiteremshwa. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliondolewa katika ulinzi wa majimbo ya kusini, na wazungu wa huko wakaanza kuwanyang’anya weusi kura kwa vitisho na hila za sheria. Mwaka 1883 mahkama kubwa ilibatilisha sheria ya 1875 iliyokataza ubaguzi katika mahoteli na vyombo vya safari. Kamba ya wauaji wasiongoja hukumu ilizidi. Mzee Douglass hakunyamaza. Hotuba zake za miaka ile ya mwisho zilikuwa juu ya mauaji hayo.

Mwaka 1877 alikwenda kumwona Thomas Auld, bwana wake wa zamani, aliyekuwa mgonjwa wa kufa. Walipeana mikono na wote wawili wakalia. Alimsamehe mtu, wala hakuusamehe utumwa. Mkewe Anna alifariki 1882, na mwaka 1884 alimwoa Helen Pitts, mwanamke wa kizungu. Wakamlaumu weupe na weusi. Mwaka 1887 alifika Misri, akapanda piramidi kubwa, naye anakaribia miaka 70.

Tarehe 20 Februari 1895 alihudhuria mkutano wa wanawake mjini Washington, akarudi nyumbani, na jioni ile akafa. Alizikwa Rochester. Mwaka uliofuata mahkama kubwa iliruhusu ubaguzi kwa hukumu ya Plessy, na ilipita miaka 58 kabla ya kuanza kuuondoa mwaka 1954. Waliouondoa walitumia rekebisho lilelile la 14. Na mwaka 1898 kwa rekebisho hilohilo mahkama ilimkubalia Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi wa Kichina, kuwa ni raia. Mwaka 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa humo, na mara ikapelekwa mahkamani. Kwa hivyo suali la Douglass bado linaulizwa.

YATUPASAYO KUYAZINGATIA

Katika sira hii tunaona mambo matatu. La kwanza, elimu ndiyo iliyomtoa kifungoni kabla ya gari la moshi; aliyemzuilia kitabu alijua anachokifanya. La pili, haki iliyoandikwa haitembei kwa miguu yake. Katiba nzuri iliyofungwa sandukuni haimfai raia asiyeisoma. Na marekebisho ya 14 na 15 yaliandikwa, kisha yakalala karibu miaka 90 kwa kuwa waliopewa amana ya kuyatekeleza waliyatupa. Raia ni mtu anayeijua sheria ya nchi yake, anaitii, na anawadai wenye kuishika waitimize. La tatu, na ndilo zito: haki anayoitaka mtu kwa nafsi yake peke yake huwa ni upendeleo tu. Sisi watu wa pwani tunayajua haya, kwani utumwa ulikuwako kwetu pia mpaka ukafutwa kisheria mwaka 1907, na bado wako wanaoulizana asili katika mambo ya ndoa na vyeo. Haimwelekei mtu kulalamika kwa kuhesabiwa nusu ya raia na serikali, naye nyumbani kwake anamhesabu jirani yake kuwa nusu ya mtu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe tuitake haki na tuitoe.